Paka Hakuletwa, Alikuja Mwenyewe

Maneno haya niliyasema hapa Kikima baada ya futari, vijana wakataka niyaandike.

Yalianza na kifo cha paka. Jirani alitega sumu ghalani, panya akaila, paka akamla panya. Wote wawili wakafa. Haukupita mwezi panya wengine wakarudi kwenye mahindi. Paka je? Hakurudi.

Sasa nikuulize: wajua paka alifikaje nyumbani kwako? Ng'ombe na punda walikamatwa wakafungwa kamba. Paka hapana. Binadamu alipoanza kulima na kuweka akiba, panya walifuata nafaka, na paka mwitu akafuata panya. Mwaka 2007 wataalamu walitangaza kwamba wamepima chembe za urithi za paka 979, wa mwituni na wa majumbani, wakakuta wa majumbani wote wanatokana na kimburu. Ndiye huyu huyu ambaye mpaka leo yuko Afrika na Mashariki ya Kati, mwenye miguu mirefu na masikio mekundu-mekundu kwa nyuma. Na kisiwani Cyprus lilifukuliwa kaburi la mtu aliyezikwa na paka pembeni yake, la miaka 9,500 hivi. Kisiwa kile hakikuwa na paka wa asili, kwa hiyo wa kwanza walipandishwa chomboni.

Miaka yote hiyo tumbo lake halijabadilika. Ni mla nyama tu. Utamu wa sukari hausikii kabisa (ndiyo maana kaimati zako hana haja nazo!). Ukimpa ugali mtupu siku zote, macho na moyo vitaharibika, maana kuna kirutubisho anachokipata kwenye nyama na samaki tu. Panya kwake si mchezo, jamani, ni riziki.

Mkumbuke yule mwanamke wa kwenye hadithi, aliyemfungia paka, asimlishe wala asimwachie ajitafutie vya ardhini. Zamani nilidhani kosa lake ni chakula peke yake. Kumbe na mlango pia! Sisi mlango tunamwachia wazi, halafu tunatia sumu kwenye sahani yake.

Jirani yangu ameinua ghala juu ya nguzo, kila nguzo kaizungushia bati panya asipande. Sumu ameacha. Na paka mwingine keshakuja, hatujui katoka wapi. Jana nimemkuta amelala juu ya gunia.