Wodi Iliyohamia Nyumbani: Kumuuguza Mgonjwa wa Saratani Thika na Ruiru



Mimi si daktari. Ninachokijua nilikijua kwa kumuuguza mama. Usiku wa siku ya tisa baada ya dripu yake ya pili ya dawa za saratani, mama alianza kutetemeka. Tulikuwa Kimbo, Ruiru, orofa ya nne, stima imepotea. Nilimgusa shavu, nikampa Panadol mbili, nikamfunika blanketi. Baada ya saa moja jasho lilimtoka, mwili ukapoa, nami nikalala nikijiona mwuguzaji hodari. Kulipokucha hakuweza kusimama. Tulimteremsha ngazi kwa kiti cha plastiki, mimi na jirani ambaye mpaka asubuhi hiyo sikuwa nikilijua jina lake.

Daktari hakunigombeza. Aliniuliza swali moja: “Ilikuwa ngapi?” Sikuwa na kipimajoto.

Siku hiyo ndipo nilipofundishwa jambo ambalo kila anayeuguza angepaswa kulijua kabla ya dripu ya kwanza. Dawa za saratani huangusha seli nyeupe za damu, na kwa dawa nyingi seli hizo huwa chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14. Katika siku hizo, homa ya nyuzi 38 si ya kungojea mapambazuko. Mgonjwa hupelekwa hospitali usiku huohuo. Panadol nayo huishusha homa bila kuugusa ugonjwa ulioileta, kwa hiyo unapima kwanza, unapiga simu, dawa baadaye. Nilikuwa nimeizima kengele nikadhani nimeuzima moto. Tulipotoka hospitali mara ya kwanza nilipewa tarehe ya kurudi, na kuhusu siku za katikati sikuambiwa neno.

Siku hizo za katikati ndizo mada yangu, na huku kwetu ni nyingi kuliko tunavyodhani. Kwa miaka mingi mgonjwa wa Thika aliyehitaji mionzi katika hospitali ya umma alikuwa na mlango mmoja, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi, akipanga foleni pamoja na Kenya nzima. Mwaka 2019 Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta ilianza kupokea wagonjwa pale Kahawa, mwendo mfupi wa matatu kutoka Ruiru. Tulishangilia, na tulikuwa na haki. Lakini ukaribu huo una upande wake wa pili. Aliyetoka Lodwar hutafutiwa kitanda au chumba cha kukodi, wa Ruiru huambiwa, “Wewe si ni wa hapa tu? Nenda, urudi kesho.” Mwanamke mwenye saratani ya mlango wa kizazi kwa kawaida hupigwa mionzi siku tano kwa juma, yapata vipindi 25. Kila kipindi ni dakika chache. Saa zote zilizobaki, wodi ni nyumba yake, na zamu ya usiku ni ya binti yake.

Na nyumba zenyewe mnazijua. Kiandutu au Githurai, choo kimoja hutumiwa na milango minane. Kwa saa 48 baada ya dripu, mkojo, kinyesi na matapishi ya mgonjwa hubeba mabaki ya dawa. Anayeyashika avae glavu, na mjamzito asiyaguse kabisa. Mashuka yaliyochafuka yafuliwe peke yake. Choo cha kumwagia maji kimwagiwe mara mbili, na hapo mwenye maji ya mitungi atanitazama kwa jicho baya, nami ninamwelewa. Sisi tulitenga beseni moja jekundu, la mama tu, lililokaa nyuma ya mlango. Mwanzoni wapangaji walinong’ona kwamba saratani inaambukiza. Haiambukizi. Ilibidi mama mwenyewe awaite wanawake wa ploti, awamiminie chai, awaeleze beseni lile ni la nini. Minong’ono ikaisha, na mmoja wao akawa ananibadilishia zamu Jumamosi ili nipate kulala.

Kuhusu chakula nitasema kidogo. Kinywa chenye vidonda hakitaki githeri. Kinataka uji wa wimbi uliopoa, mukimo uliolainishwa kwa maziwa, ndizi. Kisukutuo ni maji yaliyochemshwa yakapoa, chumvi kidogo na magadi ya kuokea. Akisema nyama inanuka chuma, muamini, usimwambie anadeka. Ama dawa za miti shamba, sitawakataza kwa kuwa najua hamtasikia. Ila msimfiche daktari, maana nyingine hugombana na dripu ndani ya ini.

Bima ya afya ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, hulipia dripu na mionzi mpaka kiwango fulani. Hailipii matatu, glavu wala nepi za mtu mzima. Hailipii pia siku ambayo kibarua wa kiwandani hapa Thika hakwenda kazini kwa sababu alikuwa ameshika beseni. Binti za watu wameacha kazi kimyakimya, na kwa kuwa si wagonjwa, hawamo katika hesabu ya mtu yeyote. Wana wa kiume wapo, na wengi hutuma pesa kwa simu. Tunashukuru. Lakini M-Pesa haimgeuzi mgonjwa ubavu.

Katika kumtuliza mgonjwa, wako waliotutangulia. Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990. Mwaka 1993 Dkt. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, ambako mofini ya maji, dawa ya maumivu ya bei nafuu, ilipelekwa mpaka kitandani mwa mgonjwa, na tangu 2004 wauguzi waliofunzwa huko wanaruhusiwa kisheria kuiandika. Hapa katika Hospitali ya Thika Level 5 kuna kitengo cha huduma za tulizo. Watu wetu hukikwepa wakidhani ni chumba cha kufia. Maumivu na kutapika havingojei mwisho wa safari. Nendeni mapema, hata matibabu yakiwa katikati.

Sasa niwageukie ninyi wahamasishaji wa afya ya jamii, wenye mikoba. Mwaka 2023 serikali iligawa vifaa kwa wahamasishaji zaidi ya 100,000 nchini, kila mmoja akihudumia kaya kama 100, kwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, ambayo ni ndogo na ninasema hivyo mbele ya wakubwa. Ndani ya mkoba mna mashine ya presha, ya sukari, na kipimajoto. Mnawajua wajawazito wa mtaa mzima. Nyumba ya saratani hamuijui, kwa sababu inajificha. Kipimajoto nilichokikosa usiku ule yumkini leo kiko milango mitatu kutoka kwetu.

Kwa hospitali nina ombi moja: kabla ya dripu ya kwanza, nusu saa na atakayeuguza, si na mgonjwa peke yake. Apewe karatasi moja ya Kiswahili na Kikuyu, na nambari ya simu inayopokelewa saa nane za usiku.

Na kwenu wahamasishaji: mkirudi mtaani juma hili, mkiona kitambaa kichwani mwa mtu aliyekuwa akisuka nywele, msiulize ugonjwa gani. Bisheni hodi, muulize ni siku ya ngapi tangu dripu, na mkitoe kipimajoto mkobani.