Mzinga Mtupu Hautoi Asali

Ifuatayo ni hotuba ya mratibu wa miradi wa dayosisi kwa wajumbe wa kamati za sharika na wageni wafadhili waliotembelea vikundi vya wafugaji nyuki Mzenga, wilayani Kisarawe.

 

 Tumeombwa kueleza maendeleo ya mradi wa nyuki. Kwa kawaida taarifa za miradi huanza na mafanikio. Leo tunaomba ruhusa yenu tuanze na mizinga mitupu.

Tulipoanza mradi huu tulitengeneza mizinga ya kisasa ya mbao. Tukaipaka rangi ya kupendeza, tukaipanga juu ya matofali nyuma ya kanisa, juani, ili wageni waione vizuri siku ya uzinduzi. Nyimbo ziliimbwa, picha zikapigwa. Katika taarifa tuliandika idadi ya mizinga iliyogawiwa, na wafadhili wakaipokea kwa furaha.

Miezi ikapita. Siku tuliporudi kukagua, mtaa mmoja ulikuwa na mizinga 12. Tuliigonga mmoja mmoja na kutega sikio. Miwili tu ndiyo iliyotoa mlio wa nyuki. Katika mingine tulikuta mijusi na buibui, na mmoja kuku alikuwa ameufanya kiota. Ndugu zangu, hatukuwa tumeandika uongo. Lakini tulikuwa tumehesabu nyumba bila kuuliza kama kuna anayekaa ndani.

Njiani tukakutana na mzee mmoja wa hapa hapa, mwenye mizinga ya magogo iliyotundikwa juu ya miti. Mizinga yake ilikuwa na nyuki. Tukamwamkia, "Shikamoo babu." Akaitikia, kisha tukamweleza tatizo letu. Akacheka, akasema, "Wajukuu zangu, nyumba mnayo, lakini mgeni hamjamkaribisha. Nyuki hahamii nyumba inayonuka rangi." Maneno hayo yalitufundisha zaidi ya semina nyingi, na ndiyo tunayotaka kuyaeleza leo.

NYUKI HUJA WENYEWE

Huko Ulaya na Marekani mfugaji anaweza kununua malkia na kundi la nyuki kama tunavyonunua vifaranga. Wengine hukamata makundi yanayotoka majira ya kuchipua, baridi inapokwisha. Kwetu Pwani hakuna baridi ya namna hiyo. Kinachowaongoza nyuki wetu ni mvua na maua. Chakula kikiwa tele, watoto huongezeka, mzinga hujaa, na kundi hugawanyika. Malkia mzee huondoka na sehemu kubwa ya vibarua wakiwa wameshiba asali ya safari, na nyumba ya zamani wanaiacha kwa malkia mpya. Tukumbuke pia kwamba nyuki wetu wana tabia nyingine, nayo ni kuhama. Wakisumbuliwa na moto, siafu, njaa au ukosefu wa maji, huondoka wote na kuacha masega.

Kwa hiyo sisi hatununui nyuki. Msitu ndio unaotupa. Na kwa kugawanyika nyuki wa Afrika hawana mfano. Mwaka 1956 malkia wa nyuki wa Afrika walipelekwa Brazil kwa utafiti, wengi kutoka Afrika Kusini na wengine kutoka Tanganyika. Mwaka 1957 makundi 26 yakatoroka. Uzao wao, uliochanganyika na nyuki waliokuwepo huko, ulisambaa nchi hadi nchi, na mwaka 1990 ukafika kusini mwa Marekani. Nyuki walioweza safari hiyo hawashindwi kuvuka shamba la mihogo na kuingia kwenye mzinga wako, mradi wameupenda.

Je, wanapenda nini? Miaka ya 1950 mwanasayansi wa Kijerumani, Martin Lindauer, aliyachunguza makundi yaliyotua kwenye matawi. Aliona kwamba kundi hutuma nyuki wapelelezi kutafuta makao. Mpelelezi akirudi hucheza ngoma inayoonyesha upande na umbali wa mahali alipopaona. Wenzake huenda kukagua, nao wakiridhika huicheza ngoma hiyo hiyo, hadi kundi linakubaliana. Baadaye Thomas Seeley wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, aligundua kwamba nyuki wa asili ya Ulaya hupendelea uwazi wa kama lita 40, yaani ndoo mbili kubwa, wenye mlango mdogo na ulio juu kutoka ardhini. Nyuki wetu wa Afrika hukubali hata nafasi ndogo zaidi ya hiyo.

Wajumbe wa kamati tuna la kujifunza hapo. Nyuki hashabikii mahali ambapo hajakwenda kupaona mwenyewe. Sisi tuliandika taarifa bila kufungua mizinga.

KUANDAA NYUMBA

Katika Waamuzi sura ya 14 tunasoma kwamba Samsoni alikuta nyuki na asali ndani ya mzoga wa simba. Hakuna mtu aliyewapelekea mzinga. Walipata uwazi mkavu wakaingia. Nasi tuwaandalie hivi:

Kwanza, harufu. Mzinga mpya ukae nje hadi harufu ya rangi na mbao mbichi iishe. Kisha sugua nta safi ndani na kwenye viunzi, yaani zile mbao nyembamba za juu ambazo nyuki hujengea masega. Nta ya nyuki inawaambia wapelelezi kwamba hapa wenzao waliwahi kuishi. Mchaichai uliopondwa nao husaidia, kwa kuwa harufu yake inafanana na ile ambayo nyuki huitoa wanapoitana.

Pili, vipimo. Kwa nyuki wetu kiunzi kiwe na upana wa milimita 32. Kikiwa kipana au chembamba mno, masega huungana na mzinga haufunguki bila kuvunja.

Tatu, mahali. Pawe na kivuli, maji karibu, na pasiwe na upepo mkali. Tumetengeneza masanduku madogo ya kunasia, yenye viunzi vya urefu ule ule wa mzinga, na kuyatundika juu ya miti. Kundi likiingia na kutulia, sanduku hushushwa usiku na kupelekwa kwenye manzuki. Hapo viunzi huhamishiwa ndani ya mzinga uliotundikwa kwa waya, kimo cha kiuno. Akina mama ambao zamani walisema kazi ya nyuki ni ya wapanda miti, leo wanakagua mizinga yao wenyewe.

Nne, wakati. Mikorosho na miembe yetu kwa kawaida huchanua kati ya Juni na Septemba, baada ya masika. Mzinga ukitundikwa maua yamekwisha, umechelewa. Tangu mwaka 2018 dunia huadhimisha Siku ya Nyuki tarehe 20 Mei. Kwetu siku hiyo huangukia masika yakielekea mwisho. Tuifanye siku ya kusafisha mizinga na kupaka nta. Tufanye hivyo tena kabla ya vuli.

Tano, maadui. Paka grisi kwenye waya ili siafu na sisimizi wasipite, na fyeka majani chini ya mzinga.

KUNDI LIKITUA

Mara nyingine kundi hutua kwenye mwembe wa uani au kwenye paa la kanisa, na watu hukimbilia mafuta ya taa na moto. Tusifanye hivyo. Kundi linaloning'inia tawini halina watoto wala asali ya kulinda, hivyo mara nyingi huwa pole kuliko nyuki walio mzingani. Linaweza kuondoka baada ya saa chache au siku moja mbili. Waondoe watoto, fungua mbuzi na mbwa waliofungwa karibu na uwasogeze mbali, kisha ita kikundi chenye mafunzo.

Jioni wafugaji wawili au zaidi, wakiwa na mavazi kamili na bomba la moshi, huwanyunyizia nyuki maji kidogo, huweka sanduku chini ya tawi na kulitikisa kwa nguvu mara moja. Malkia akiwa ameingia, mtaona vibarua wakisimama mlangoni, mikia juu, wakipepea mbawa kuwaita wenzao. Subirini hadi giza, fungeni mlango kwa wavu, pelekeni manzuki usiku huo huo. Baada ya hapo waacheni watulie. Kufungua kila siku ni kuwafukuza.

Hapa tuseme wazi: wenzetu wa Ulaya wanaweza kufuga nyuki bustanini mlangoni kwao. Nyuki wetu ni wakali. Manzuki iwe mbali na nyumba, shule na njia za watu. Nyuki akiuma huacha harufu ya kuwaita wengine, nayo inafanana na ndizi mbivu. Basi usile ndizi kabla ya kwenda kwenye mizinga, na usiende peke yako.

TATIZO LA MKAA

Sasa tufike kwenye jambo gumu. Makundi haya yanatoka wapi? Yanatoka kwenye miti yenye mashimo, katika mashamba yetu na katika misitu kama Ruvu Kusini. Mti mkubwa wenye pango ni mama wa mizinga yetu. Lakini mti huo huo ndio unaochomwa mkaa wa kupelekwa Dar es Salaam. Tunajua wanaochoma. Wengine ni washarika wetu, na ada ya mtoto imetoka kwenye gunia hilo. Hatuwezi kusimama madhabahuni na kuwalaani wakati hatujawapa njia nyingine.

Wala hatusemi asali italipa kesho. Kundi jipya linahitaji muda wa kujenga, na mwenye haraka ya kuvuna huwafanya wahame. Tunachosema ni kwamba kila tanuru la mkaa linapunguza makundi yatakayokuja. Tukigawa mizinga huku miti inaisha, tunajenga nyumba za wapangaji ambao tumewaua.

MAOMBI YETU

Kwa kamati za sharika: kuanzia sasa fomu ya taarifa iwe na safu tatu, yaani mizinga iliyowekwa, mizinga yenye nyuki, na mizinga iliyovunwa. Msione aibu kuandika sifuri. Kila mtaa uchague miti ya mapango isiyokatwa, kwa makubaliano na serikali ya kijiji. Na anayetaka kuweka mizinga ndani ya msitu wa hifadhi apate kwanza kibali cha ofisi ya misitu.

Kwa wafadhili wetu wapendwa: msituulize kwanza tumegawa mizinga mingapi. Tuulizeni mingapi ina nyuki. Mkitaka kutusaidia, punguzeni fedha za mizinga mipya na muongeze za mavazi, masanduku ya kunasia na mafunzo. Haviwezi kupendeza kwenye picha, lakini ndivyo vinavyoleta nyuki.

Ile mizinga 12 tuliitoa juani. Tuliisugua nta na kuitundika kivulini kabla ya maua. Msimu uliofuata saba ilikuwa na nyuki. Mmoja siafu waliingia, kundi likahama, ikabaki sita. Hiyo ndiyo hesabu tunayoleta leo, na ni hesabu ya kweli.

Yule mzee ametukumbusha kwamba Kurani ina sura nzima inayoitwa Nyuki, ya 16. Nasi tunaye Samsoni. Nyuki hawaulizi mwenye mzinga anasali wapi. Wanauliza kama nyumba ni kavu, na kama maua yapo. Tushirikiane kuyatunza yote mawili.