Panya katika Banda la Ndege: Tununue Nini, Tuache Nini



Mazungumzo yetu ya leo yanahusu panya, lakini kilichotusukuma kuyaandaa ni pakiti. Tunaizungumzia ile pakiti ndogo ya nailoni isiyo na maandishi, yenye chenga au unga wa rangi, ambayo mchuuzi huipitisha mitaani na kuisifu kuwa huua panya papo hapo. Mfugaji aliyepoteza vifaranga usiku mmoja huinunua bila kuuliza swali, akaichanganya na pumba na kuiweka chini ya banda. Amekwisha kuleta nyumbani kitu asichokijua jina, akakiweka mahali ambapo watoto huokota mayai.

Kabla hatujaifikia pakiti hiyo, yafaa tumfahamu panya mwenyewe. Panya haji bandani kwa sababu ya ndege. Huja kwa ajili ya punje zilizomwagika, maji yaliyobaki kwenye chombo na kivuli cha mbao zilizorundikwa pembeni. Akishazoea ndipo huanza mayai, kisha makinda ya njiwa na vifaranga. Panya mkubwa mmoja hula takriban gramu 25 za chakula kwa siku. Panya ishirini basi hula nusu kilo kila usiku, na hiyo ni kilo 15 kwa mwezi, mbali na chakula wanachokiharibu kwa mkojo na kinyesi. Wengi wetu hulalamika kwamba bei ya chakula cha kuku imepanda, na ni kweli. Lakini sehemu ya gharama hiyo huliwa na mgeni asiyetaga yai.

Wala hasara haiishii kwenye mfuko wa chakula. Mwaka 2022 ugonjwa uliozuka mkoani Lindi ulithibitishwa na Wizara ya Afya kuwa ni homa ya mgunda, ambayo humfikia mtu kwa kugusa maji au udongo uliochafuliwa na mkojo wa wanyama, panya wakiwamo. Kwa hiyo msifagie kinyesi cha panya kikavu kikatimka vumbi. Kiloweni kwanza kwa maji yenye dawa ya klorini, vaeni glavu, kisha kiokoteni. Ndege watolewe bandani kwanza, kwani harufu ya klorini huwaumiza.

Tukija kwenye matumizi ya fedha, tunawasihi muanzie kwenye chakula. Pipa la bati lenye mfuniko unaokaza litawafaa kuliko sumu ya mwaka mzima. Ndoo nyembamba ya plastiki haitoshi, kwa kuwa panya huitafuna. Wapeni ndege kiasi wanachokimaliza kabla ya magharibi, kisha ondoeni vyombo na kukusanya punje zilizoanguka. Panya hutoka usiku. Akikuta sakafu tupu siku nyingi mfululizo, huanza kutafuta makazi mengine.

Kisha wavu. Hapa wanunuzi wengi hupoteza fedha, tena kwa nia njema. Ule wavu wa kuku wenye matundu mapana ya pembe sita hutengenezwa ili kumzuia kuku asitoke. Haukutengenezwa kumzuia panya asiingie. Panya mkubwa hupenya tundu la upana wa kidole gumba, na yule mdogo wa nyumbani hupenya tundu linalopitisha penseli tu. Ombeni dukani wavu wa chuma wa miraba midogo, wenye tundu lisilozidi milimita 6, na mpime wenyewe kabla ya kulipa. Ikiwa fedha haitoshi kufunika banda zima, funikeni sehemu ya chini hadi usawa wa kifua, pamoja na matundu ya hewa na upenyo ulio kati ya ukuta na paa. Wavu ushuke ardhini sentimita 30, kisha ukunjwe kuelekea nje, ili anayechimba pembeni mwa ukuta akutane nao. Banda lililoinuliwa kwa miguu livalishwe mkanda mpana wa bati laini kwenye kila mguu, maana panya hapati pa kushika kucha zake.

Kuna vifaa vya umeme vinavyouzwa kwa maelezo kwamba hutoa mlio usiosikika na binadamu na kwamba panya huukimbia. Ushauri wetu ni kuviacha. Panya huuzoea mlio huo upesi, na sauti yake haipiti ukuta wala rundo la magunia. Gundi ya panya nayo isikaribie banda: kinda au kware aliyenasa manyoya yake hatoki salama.

Mtego wa kubana, ule wa zamani wa mbao na springi, ungali chombo bora kwa nyumba ya kawaida. Lakini panya hukiogopa kitu kigeni, na mfugaji huweka mtego Jumatatu, akaukuta mtupu Jumatano, akautupa akidai ni mbovu. Uwekeni kwanza bila kuutega kwa siku tatu au nne, ukiwa na kipande cha nazi iliyochomwa au dagaa. Chambo kikianza kuliwa, utegeni. Uwe pembeni mwa ukuta, kwa sababu panya hutembea akigusa ukuta kwa masharubu yake, na upande wa chambo uelekee ukutani. Mkiona panya mwembamba mwenye mkia mrefu kupita mwili wake, huyo ni mpandaji, na mtego wake uwekwe juu kwenye mbao za paa. Aliye mnene na mwenye masikio madogo ni mchimbaji, naye hutegwa chini. Popote utakapokaa, mtego ufunikwe kwa kisanduku chenye mlango mdogo ili mguu wa ndege au mkono wa mtoto usiufikie.

Tunaongeza neno moja kuhusu bundi. Wapo wanaomtupia mawe kwa kuhofia mkosi. Sisi tunamwona kuwa mlinzi asiyedai mshahara, na iwapo banda limefungwa vizuri kwa wavu, atakula panya wa nje na kuwaacha ndege wenu.

Sasa turudi kwenye sumu. Hatusemi isitumike kamwe. Tunasema iwe ya mwisho, inunuliwe kwenye duka la pembejeo lenye kibali, na iwe na lebo. Nchini Tanzania, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu ndiyo inayosajili viuatilifu. Tafuteni kwenye lebo namba ya usajili, jina la kiambato, tarehe ya mwisho wa matumizi na maelezo ya huduma ya kwanza. Sumu iwekwe nje ya banda, ndani ya kisanduku kilichofungwa na kukazwa mahali pake, wala isichanganywe na pumba au mtama ambao ndege hula. Mizoga iokotwe kila asubuhi na kufukiwa, kwa kuwa paka au bundi akimla panya aliyekula sumu naye hudhurika.

Jina la kiambato lina uzito mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Sumu za panya haziui kwa njia moja. Zipo zinazozuia damu kuganda, kama vile brodifakumu na bromadioloni. Dalili zake hukawia siku kadhaa, na kwa hizo madaktari wana vitamini K1. Ipo fosfidi ya zinki, ambayo hutoa gesi yenye sumu tumboni na haina dawa ya kuizimua. Zipo pia pakiti za mitaani zilizojazwa viuatilifu vikali vya mashambani, ambavyo huua mtu kwa muda mfupi. Daktari asiyejua ni ipi kati ya hizo hupoteza saa ambazo mgonjwa hana.

Kwa hiyo mtoto akishukiwa kula sumu, msimlazimishe kutapika na msimpe maziwa. Maziwa si dawa ya sumu hizi, na nyingine huzidisha madhara. Msisubiri dalili. Mpelekeni kituo cha afya mara moja, na mchukue pakiti pamoja na mabaki yake. Kama haina maandishi, ibebeni vivyo hivyo, na mwelezeni daktari ilinunuliwa wapi na ilikuwa na rangi gani.