Uonevu Katika Shule za Kikatoliki

Wazazi na walimu, mtoto mgeni hufika bwenini na sanduku lake na hofu yake. Wakubwa wakimnyang'anya sabuni, wakimfulisha nguo zao na kumcheka kwa ajili ya kabila, dini au kilema chake, hiyo si desturi ya shule, ni uonevu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya, ya mwaka 2013, inakataza kumtesa mwanafunzi, mwilini au moyoni. Mtakatifu Yohane Bosco, aliyeanza kukusanya vijana mjini Turin mwaka 1841, alifundisha kwamba mlezi akae kati ya watoto, azuie ovu kabla halijatendeka. Basi mwalimu alale karibu na bweni, kiranja asipige, na mtoto anayeshtaki asiitwe mchongezi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.