Mama Mkwe wa Simoni na Wazee Wetu
Dominika ya Tano ya Mwaka B



Wapendwa wasikilizaji, Injili ya leo, kutoka Marko sura ya kwanza, inatupeleka nyumbani kwa Simoni na Andrea. Mama mkwe wa Simoni amelala, ana homa. Yako mambo mawili ambayo huwa tunayapita upesi, kwa kuwa macho yetu yanaukimbilia muujiza. La kwanza, Yesu aliambiwa habari za mama huyu. Walikuwako watu nyumbani walioona kwamba leo mama hakuamka, wakasema. La pili, alipokwisha kuinuliwa kwa mkono na homa kumwacha, alianza kuwahudumia; wala Mwinjili hatuambii kwamba alitokea mtu wa kumwamuru aketi apumzike.

Madaktari wanaopima uwezo wa mzee huuliza mambo madogo sana. Kipimo alichokitoa Mmarekani Sidney Katz na wenzake mwaka 1963 kina mambo sita: je, mzee anaoga mwenyewe, anavaa mwenyewe, anakwenda chooni, anainuka kitandani, anaweza kujizuia haja, anajilisha? Humo hamna swali juu ya majirani. Hata hivyo, uchunguzi uliofanywa baadaye katika nchi nyingi umeonyesha kwamba mzee mwenye watu, tena mwenye shughuli pamoja nao, kwa kawaida hudumu akiyaweza mambo hayo kwa muda mrefu kuliko mzee mpweke. Shirika la Afya Duniani liliuona uzito wa jambo hili, hata mwaka 2023 likaunda tume ya kushughulikia mahusiano ya watu. Ni kweli kwamba sababu huenda pande zote mbili: anayeumwa magoti haendi barazani, na asiyekwenda barazani magoti yake huzidi kukakamaa.

Sisi wa Pemba tungeweza kuyajua haya kwa kuutazama msimu wa karafuu. Mchana wenye nguvu hupanda mikarafuu. Jioni vishada huletwa nyumbani, na watu huketi mkekani kuchambua, karafuu huku, makonyo kule. (Makonyo nayo hayatupwi, hukamuliwa mafuta.) Mtazame bibi wa miaka themanini katika kazi ile. Ameketi chini, na itambidi ainuke. Vidole vyake vinachambua bila msaada wa macho. Anasimulia, anakemea wajukuu, na anajua ni nani ambaye usiku huu hakufika. Naye siku asipofika, ataulizwa.

Ndugu zangu, sisi Wakatoliki wa kisiwa hiki tu wachache, na baadhi ya wazee wetu walivuka kutoka Bara wakiwa vijana, wengine kwa ajili ya karafuu hizo hizo. Jamaa zao wa damu wako ng'ambo ya bahari. Mara nyingi anayegundua kwamba mlango wa babu haujafunguliwa asubuhi ni jirani yake Mwislamu, yule yule anayemletea futari mwezi wa Ramadhani. Mungu ambariki jirani huyo, ametushinda. Sisi wa Jumuiya Ndogo Ndogo siku zetu za kufika kwa mzee zinajulikana: siku ya Mpako wa Wagonjwa, na siku ya maziko.

Tena lipo kosa jingine, nalo limevaa vazi la upendo. Binti anamnyang'anya mama yake ufagio. Mjukuu anamwambia, "Bibi, wewe kaa tu." Tunamketisha kivulini, tunamwachia chakula kimefunikwa, kisha wote tunakwenda zetu kazini na shuleni. Mwaka ukipita hawezi tena kuinuka katika kiti kile, nasi tunasema, uzee huo. Si kila mara ni uzee. Sisemi kwamba mgonjwa atwishwe mzigo. Yako maradhi ambayo mazungumzo hayayaondoi, na Ayubu, tuliyemsikia katika somo la kwanza, hakupata nafuu kwa rafiki zake waliosema sana.

Serikali ya Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwapa wazee wote wa miaka 70 na zaidi pensheni ya kila mwezi, shilingi 20,000 wakati ule. Ni jambo la haki na la kushukuru. Lakini fedha hununua sukari na dawa; haimwulizi mtu kwa nini jana hakuonekana.

Basi, wanajumuiya, mkutano wenu wa wiki hii usifanyike kwa mwenyekiti. Ufanyeni nyumbani kwa mzee asiyetoka, na mwombeni yeye aongoze Rozari. Akisahau tendo la tatu, mngojeeni. Nanyi makatekista, mnao watoto wanaojiandaa kwa Komunyo ya Kwanza; wapelekeni wawili wawili kwa wazee hao wakafundishwe sala, na wakimkuta bibi anafagia uwanja, wamshikie taka, ufagio wamwachie mwenyewe.