Kabla ya Kujaza Fomu: Mwanafunzi wa Mwaka wa Kwanza na Tawi la Uhandisi

"Soko ndilo lichague." Kauli hiyo husikika Kisangani kila masomo yanapoanza, majumbani, makanisani, hata vinywani mwa wahadhiri ambao wangepaswa kuipima kwanza. Kijana mwenye diploma ya serikali anayeingia politekniki ya Kinshasa au Lubumbashi huambiwa atazame penye fedha: madini kwanza, kompyuta pili, mengine baadaye. Mhadhara huu umeandaliwa kuipinga kauli hiyo, tena bila upole.

Kisa cha Katanga kinatosha. Mwaka 1986 Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ilizalisha takriban tani 476,000 za shaba. Nani angemlaumu mzazi aliyemsukuma mwanawe kwenye uhandisi wa madini mwaka ule? Kampuni ilikuwa na hospitali, shule na mgao wa unga. Lakini uhandisi husomwa miaka mitano au zaidi. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka. Septemba 1991 wanajeshi wakaanza kupora Kinshasa, na uporaji ukaenea mijini. Kufikia 1994 shaba ilikuwa imeshuka hadi tani 30,000 hivi. Aliyefuata soko likiwa kileleni alihitimu likiwa shimoni, na miaka ya 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines wakaondolewa kwa mpango ulioitwa wa hiari.

Watetezi wa soko hujibu kwamba basi angeyakimbia madini. Vema. Leo Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, na shaba yake imepita tani milioni mbili kwa mwaka. Aliyelifuata soko alikosea, na aliyelikimbia akakosea vilevile. Bei ya leo haimwambii mtu wa miaka 18 lolote kuhusu siku atakayotafuta kazi akiwa na 24.

Tena, mgodi wenyewe hauendeshwi na wahandisi wa madini peke yao. Maji yanayojaa chini lazima yavutwe, umeme ufike, barabara ibebe malori. Na katika mwaka wa kwanza wote hukaa benchi moja: hisabati, fizikia, kemia, michoro ya kiufundi. Haraka ni ya nini?

Msemaji wa mhadhara huu aliwahi kufuatwa na kijana wa Mangobo, fomu mkononi, nafasi ya tawi ikiwa wazi. "Papa Profesa, niandike nini?" Hakumjibu. Aliita toleka mbili, na baiskeli hizo zikawapeleka kwenye maporomoko ya Wagenia.

Hapo ndipo msemaji angependa kila mhandisi aanzie. Wavuvi Wagenia husimika miti mirefu kwenye mianya ya mwamba, katikati ya maji yanayokwenda kwa kasi ya kumchukua mtu, na kuifunga kwa kamba za porini mpaka isimame kwa miguu mitatu. Kutoka juu hushushwa vikapu vikubwa, vipana mdomoni na vyembamba nyuma. Samaki akiingia, mkondo wenyewe humbana asitoke. Mzigo hapa hautoki juu kama paani. Unasukuma kutoka ubavuni, na hubadilika mto unapopanda. Kampuni ya reli ya CFL, pamoja na chuma chake chote, iliyakwepa maporomoko haya kwa reli ya kilomita 125 hadi Ponthierville, Ubundu ya leo, iliyokamilika mwaka 1906. Wagenia waliingia ndani.

"Hili ni tawi gani?" kijana akauliza. Ujenzi, elimu ya mikondo ya maji, elimu ya vifaa: yote kwa pamoja.

Hata hivyo, msemaji ana upande wake, nao ni elektromekanika. Ujenzi una hoja nzito, maana hakuna daraja linaloiunganisha Lubunga na komuni nyingine tano za mji. Kompyuta nazo zina hoja. Lakini Kisangani haijaungwa na bwawa la umeme la Inga, ambalo laini yake kuu husafiri kilomita zipatazo 1,700 kwenda kulisha migodi ya Katanga. Mji unategemea kituo cha umeme cha mto Tshopo, kilichoanza miaka ya 1950, chenye mitambo mitatu isiyofikisha megawati 20 kwa jumla. Mtambo ukisimama, vinu vya kusaga mihogo husimama nao. Wapinzani watasema hiyo nayo ni hoja ya soko iliyobadili shati. Waseme, maji ya Tshopo hayangoji bei ya shaba itangazwe London.

Kijana wa Mangobo, kwa taarifa ya hadhira, aliandika ujenzi.

Ombi kwa wakuu wa politekniki ni moja: mwanafunzi asitakiwe kutaja tawi kabla hajamaliza mwaka wa kwanza, na ndani ya mwaka huo aingizwe walau mara moja kwenye kituo cha umeme, karakana ya reli na eneo la ujenzi, fomu ikiwa bado tupu.