Kisichowekwa Rehani: Maadili ya Kikristo na Mikopo ya Simu



Nimeombwa nizungumzie maadili ya Kikristo katika maisha ya leo. Mada hiyo ni pana mno, na anayetaka kuigusa yote huishia kusema mambo ambayo hakuna wa kuyapinga. Nitashika jambo moja: mikopo ya simu, ile inayotolewa kwa dakika chache na kudaiwa baada ya siku saba, pamoja na ndugu zake wa mitaani ambao Watanzania wamewapa jina linalojieleza, kausha damu. Kila tunapoizungumzia mikopo hii kanisani, tunauliza riba ni asilimia ngapi. Ni swali la haki, na nitalifikia. Lakini Biblia inatanguliza swali lingine, nalo ndilo ninalotaka kulitetea mbele yenu leo: umeshika nini cha huyu unayemdai?

Chukueni mfano wa fundi cherehani wa Mbagala. Mtoto wake amerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada, na wateja wake hawajalipa. Anapakua programu ya mikopo. Kabla hajaona hata shilingi, programu inamwomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyomo kwenye simu yake, ujumbe wake, picha zake na mahali alipo. Anabonyeza kubali, kubali, kubali, maana mtoto yuko mlangoni na begi lake mgongoni. Tuseme ameomba 100,000. Inaingia 70,000, nyingine imekatwa juu kwa juu. Baada ya wiki anatakiwa arudishe 100,000 kamili, na hana. Siku ya nane mteja aliyempa kazi ya sare za kwaya anapokea ujumbe: fulani ni tapeli, amekimbia na fedha za watu, na amekuandika wewe kuwa mdhamini wake. Ujumbe huo huo unamfikia mwalimu wa mtoto, shangazi yake aliyeko Masasi, mzee wa kanisa, na mtu aliyewahi kumuuzia nyuzi mara moja tu. Pengine picha yake nayo imebandikwa, na maandishi mekundu juu ya uso.

Mama huyu hakuweka shamba rehani, wala hati ya nyumba. Aliweka jina lake, na pamoja na jina lake aliweka watu wote wanaomfahamu, ambao hakuna aliyewauliza.

Sasa fungueni Kumbukumbu la Torati, sura ya 24. Mstari wa 6 unakataza kuchukua rehani jiwe la kusagia, lile la chini au lile la juu, kwa sababu anayelichukua amechukua uhai wa mtu. Mistari ya 10 hadi 13 inaendelea: ukimkopesha jirani yako usiingie nyumbani mwake kutafuta rehani. Simama nje, yeye ndiye atakayekuletea. Na akiwa maskini, vazi lake lirudi kabla jua halijazama, apate kujifunika usiku. Mstari wa 17 unataja vazi la mjane, na hilo haliguswi kabisa. Kitabu cha Kutoka, sura ya 22, kinaweka katazo la riba na agizo la vazi sehemu moja, kama mambo yanayotembea pamoja. Sisi tumeshika la kwanza tukaliacha la pili.

Tazameni jinsi sheria hii inavyofikiri. Haisemi mdeni asilipe. Deni ni deni. Inachofanya ni kuchora mpaka kuzunguka maisha ya mdaiwa na kumsimamisha mdai upande wa nje, hata kama haki ya fedha iko kwake. Kusimama mlangoni ni heshima: mdaiwa anabaki kuwa mwenye nyumba, mbele ya mke au mume na mbele ya watoto, na yeye ndiye anayechagua atoe nini. Programu ya mkopo haikusimama mlangoni. Imeingia mpaka chumbani, ikafungua sanduku, ikaondoka na orodha ya kila anayemwita fundi yule kwa jina.

Yako maandishi ya kale yanayotuonyesha kwamba hayo hayakuwa maneno ya vitabuni tu. Mwaka 1960, katika magofu ya ngome ndogo ya pwani karibu na Yavne, Israeli, wachimbaji walipata vigae vya chungu vilivyoandikwa kwa wino katika karne ya 7 kabla ya Kristo. Ni malalamiko ya mvunaji mmoja kwa mkuu wa mahali pale. Msimamizi wake amemnyang'anya vazi. Yeye anasema kazi yake aliimaliza, nafaka aliiweka ghalani kama ilivyotakiwa, na wenzake waliovuna pamoja naye katika joto la jua watamshuhudia. Anaomba vazi lirudi. Na hata kama mkuu haoni kuwa ni haki yake, basi amhurumie. Hakuomba fedha. Aliomba nguo, na mashahidi wake walikuwa ndugu zake wa kazini.

Hapo ndipo uovu wa mikopo hii unaponiumiza zaidi. Watu wale wale ambao mvunaji aliwaita wamtetee, leo wanatafutwa kwenye simu ili wamshitaki. Shangazi, jirani, mwanakwaya mwenzake, ambao kwa desturi zetu ndio hukaa na mtu siku ya shida, wanageuzwa kuwa mjeledi. Padre Bénézet Bujo, Mkongo aliyefundisha teolojia ya maadili kwa miaka mingi huko Fribourg, Uswisi, alisisitiza kwamba katika fikra za Kiafrika mtu huwa mtu kwa sababu ya mahusiano yake na wengine, walio hai na waliotutangulia. Mwenzetu Laurenti Magesa wa Tanzania, katika kitabu chake cha mwaka 1997 juu ya maadili ya dini za Kiafrika, aliweka uzima kuwa kipimo: jema hujenga uzima wa mtu na jamii yake, baya huupunguza. Kwa vipimo vya wanateolojia hawa wawili, orodha ya majina kwenye simu ya mtu ni sehemu ya uhai wake. Ni jiwe lake la kusagia.

Serikali zetu zimeanza kuliona jambo hili. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 kwa watoa mikopo ya kidijitali zinakataza vitisho, matusi na kuwapigia watu waliomo kwenye simu ya mkopaji ili kumwaibisha. Kenya ilikuwa tayari na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania ikatunga yake mwaka 2022. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Nawapongeza waliofanya kazi hiyo. Lakini sheria za data zinategemea sana ridhaa, na ridhaa ndiyo kimbilio la mkopeshaji: alikubali mwenyewe, alibonyeza mwenyewe.

Teolojia haiwezi kuishia hapo. Kumbukumbu la Torati halikuuliza kama mwenye jiwe la kusagia alikuwa radhi kulitoa. Bila shaka wengi walikuwa radhi. Mwenye njaa huridhia mengi. Amri imeelekezwa kwa mwenye fedha: usichukue, hata ukipewa. Kuna vitu ambavyo hitaji la mtu halimpi mwingine ruhusa ya kuvipokea. Imago Dei, sura ya Mungu katika mtu, tunayoihubiri sana tukizungumzia mimba na kifo, ipo pia kwa fundi cherehani anapodaiwa 30,000 zilizozidi. Uso wake haukuwa mali ya kuwekwa dhamana, kwa sababu hata yeye mwenyewe aliupokea.

Niseme sasa juu ya riba. Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325, ambao mwaka 2025 dunia nzima ya Kikristo iliadhimisha miaka 1,700 yake, tunaukumbuka kwa Kanuni ya Imani. Wachache wanakumbuka kanuni yake ya 17, inayoagiza kuwa mhudumu wa kanisa anayekopesha kwa riba avuliwe daraja. Inataja riba ya sehemu moja ya mia, iliyolipwa kila mwezi kwa desturi ya Kirumi: asilimia 1 kwa mwezi. Huduma ya mikopo ya simu ya M-Shwari ilipozinduliwa Kenya Novemba 2012, mkopo wa siku 30 ulitozwa asilimia 7.5. Ukizidisha kwa miezi 12 bila kulimbikiza, ni asilimia 90 kwa mwaka. Na kwa kuwa makato hayo yaliitwa ada ya huduma, kikomo cha riba ambacho Kenya ilikiweka mwaka 2016 hakikuyagusa, mpaka kikomo chenyewe kikafutwa mwaka 2019. Na hiyo ilikuwa huduma yenye usimamizi wa benki. Wa mtaani anatoza nini, kila mtu hapa ana jirani wa kumwuliza.

Sitawachosha na safari nzima kutoka Tomaso wa Akwino hadi leo. Itoshe kusema kwamba Calvin, katika barua yake ya mwaka 1545 inayotajwa mara nyingi kama ndiyo iliyofungua mlango wa riba, aliweka sharti kwamba asitozwe maskini. Mlango tuliupitia, sharti tukaliacha nje.

Kuna pingamizi ambalo nalichukulia kwa uzito, kwa sababu linatoka kwa watu waaminifu. Wanasema: maskini hana dhamana, benki haimpokei, mkopeshaji anabeba hatari, na ukimnyima njia ya kumbana mdaiwa, hatakopesha. Fundi wako atampeleka mtoto shule kwa fedha gani? Ni kweli kwamba hitaji la mkopo mdogo wa haraka halitaondoka kwa mahubiri. Kanisa lenyewe liliwahi kulijibu kwa vitendo. Wafransisko wa Italia walianzisha mjini Perugia, mwaka 1462, hazina za kuwakopesha maskini kwa gharama ndogo, na Mtaguso wa Tano wa Laterano ukazibariki mwaka 1515. Raiffeisen, meya Mprotestanti wa vijiji vya Ujerumani, aliunda chama cha akiba na mikopo huko Heddesdorf mwaka 1864, na SACCOS zetu ni wajukuu wa wazo hilo. Dhamana pale ilikuwa kufahamiana: wanachama wanakutana uso kwa uso na wanajua nani kafiwa, nani mazao yamemwangusha.

Lakini nisivipambe vikundi vyetu. Vipo vikoba ambavyo siku ya rejesho wanachama huenda nyumbani kwa mwenzao kwa wingi, wakatoa godoro, masufuria na hata cherehani, watoto wakitazama. Wengi wa wanaofanya hivyo Jumanne tunashiriki nao Meza ya Bwana Jumapili. Kufahamiana kunaweza kumlinda mtu na kunaweza kumvua nguo. Kinachoamua ni kama kikundi kimekubaliana mapema, kwenye katiba yake, vitu visivyochukuliwa kamwe. Ningependa kila kikundi kinachokutana katika majengo ya kanisa kiwe na ukurasa huo, na cherehani iwe ya kwanza kuandikwa.

Kanisa nalo lina la kujibu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 makanisa yetu yalisimama imara katika kampeni ya Yubile 2000 kudai mataifa maskini yafutiwe madeni, na Tanzania ilipata nafuu kubwa Novemba 2001. Tulijua wakati ule kusema kwamba kuna deni ambalo kulilipa ni kuua watoto. Mbona deni la fundi wa Mbagala halijapata mhubiri? Tena sisi wenyewe tunasoma madhabahuni majina ya wasiomaliza ahadi za ujenzi. Wako waumini wanaokopa kwenye simu ili majina yao yasisomwe. Nabii Amosi, sura ya 2, anawaona watu wamejilaza kando ya madhabahu juu ya mavazi yaliyowekwa rehani. Mavazi yale yalikuwa ya maskini, na mahali ni nyumba ya ibada. Ningetamani kila kamati ya fedha ya parokia na usharika isome mstari wa 8 kabla ya kufungua kikao.

Nehemia, sura ya 5, anatuonyesha pa kuanzia. Watu wa Yerusalemu wameweka rehani mashamba na nyumba, na wengine watoto wao, wapate nafaka na kodi ya mfalme. Nehemia anakasirika, lakini anafikiri kwanza, ndipo anaitisha mkutano mkubwa. Hawasemi wakopeshaji kwa mafumbo. Anawaita wao wenyewe, wakuu na maofisa, mbele ya wadaiwa wao. Anakiri kwamba yeye na ndugu zake nao wanakopesha. Anataka mashamba yarudi siku hiyo hiyo, pamoja na ile sehemu ya mia ya fedha, nafaka, divai na mafuta. Wanapokubali, anawaita makuhani wawaapishe.

Wakopeshaji wetu nao wanajulikana. Wengine ni wazee wa kanisa, wengine ni wanahisa wa kampuni hizi, wengine ni vijana tuliowafundisha hapa hapa wanaolipwa kwa mwezi kupiga simu za vitisho kutoka vyumba vya ghorofani, na nafsi zao zinaumia. Maaskofu waliomo ukumbini wana mamlaka ya kuwaita, kuwasikiliza na kuwaambia nini kirudishwe: majina yafutwe kwenye mitambo yao, picha ziondolewe, na waliotumiwa ujumbe watumiwe mwingine wa kumsafisha mtu aliyechafuliwa. Idara yetu iko tayari kuandika, pamoja na wanasheria wa chuo hiki, masharti ya mkopo ambayo Mkristo anaweza kuyatoa na kuyapokea bila kumuuza jirani yake. Rasimu ya kwanza tutaileta kwenu, na tunaomba mtupangie tarehe ya kikao.